Tawi la Chini, Kushoto

Wenzangu wa kozi walikwenda kununua kamera.
Mimi nilipanda treni inayosimama kila kituo,
nikashuka Kinashi kwenye manyunyu,
mkononi karatasi ya hoteli
yenye mshale uliochorwa kwa kalamu.

Nilitarajia bustani: kidaraja, kidimbwi, ukimya.
Nikakuta mashamba.
Misonobari imepandwa kwa mistari kama kabichi,
mingine inafika gotini, mingine kiunoni,
kati ya nyumba za watu, kando ya mashine ya soda,
nyuma ya karakana ambamo mtu
alikuwa akigongagonga mlango wa gari.
Miti ya miaka kumi na mitano
ambayo bado haijaonja chungu.

Kitalu cha Bi Urabe hakina lango.
Kina mbwa mzee asiyeona haja ya kubweka,
na meza za mbao zilizoota kuvu,
na juu yake mlima baada ya mlima,
kila mmoja wa kubebwa kwa mikono miwili.
Chuchumaa, jicho liwe sawa na chungu:
shina linapaa ghafla,
gome linapasuka kama mto uliokauka,
na mdogo ni wewe.

Niliuliza bei kwa kidole.
Akatoa kikokotoo mfukoni mwa aproni,
akabonyeza, akanigeuzia.
Nikahesabu sufuri. Nikazihesabu tena.
Tukacheka, yeye kwanza.
Kisha akanionyesha kwa mikono kwamba
hata ningekuwa nazo: udongo, ndege, hapana,
akapiga muhuri hewani kama afisa wa forodha.

Mjukuu wake, Ryohei, alitufasiria,
mkono mmoja umeshika mwavuli.
Mti huu ulipandwa na baba mkwe.
Tawi la chini, kushoto, lilikuwa na kiburi,
likipanda juu kuiba mwanga wa wenzake.
Baba mkwe alikufa hawajapatana.

Kwetu husemwa: samaki mkunje angali mbichi.
Nimewaambia wanangu.
Nimewaambia wanafunzi wangu wa pampu za maji.
Nimejiambia mwenyewe, mwaka huu huu,
nilipoacha mafunzo ya kuogelea siku ya pili,
kwa kuwa nina miaka hamsini na minane.

Mti ule una themanini.

Bi Urabe alilifunga tawi kwa nyuzi kama ukindu
zilizolala majini tangu jana,
juu yake waya wa shaba, mnene kama kidole cha mtoto.
Akaweka dole gumba chini, akakunja.
Hapana, hakukunja. Aliegemea
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Kukatoka mlio mmoja mdogo,
ule ule wa goti langu ninapoamka,
naye akaacha hapo hapo
akaenda kuchemsha chai.

"Mwakani tena," alisema Ryohei,
akapima hewani: upana wa kidole.

Ng'ambo ya mfereji, shamba la jirani
limekwisha kuwa vioo vya umeme wa jua.
Mistari ile ile, urefu ule ule.
Sikuuliza. Ryohei alitazama huko
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya chai nikapewa kibanio
na mti wa bei rahisi, ule usioharibika,
niung'oe sindano kuukuu.
Nikang'oa hadi saa tisa, shingo ikakaza.
Bi Urabe akaukagua, hakusema neno,
akang'oa tatu nilizozisahau.

Uwanja wa ndege wa kwetu, afisa kijana akauliza:
Una mmea wowote? Mbegu? Udongo?
Nikasema sina,
mikono mfukoni kama mwizi,
maana chini ya kucha tatu
utomvu ulikuwa ungali mweusi,
unanuka mvua ya watu wengine.

Jumatatu nimekwenda bwawani.
Mwalimu ni binti wa miaka ishirini na mbili.
Nimeshika ukingo wa bwawa, nimeuachia,
nimeushika tena.